Tusome Nini, Tutazame Nini, Bibi Naye Akiwa Sebuleni?

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro. Wa kwanza ni binti, ana miaka 13 na yuko kidato cha kwanza. Anayemfuata ni wa kiume, darasa la nne, na kitindamimba ana miaka sita. Tunaishi na mama mkwe wangu, mtu wa Pangani, aliyehamia kwetu baada ya babu kufariki. Nyumba ina sebule moja na televisheni moja, na humo ndimo kero zetu zote zinamoanzia.

Jioni tukishakula, televisheni inawaka. Kama si tamthilia ya kutafsiriwa, basi ni muvi ambayo mume wangu ameikopi kwenye flashi huko mtaani. Nusu saa haipiti, watu wameshaanza kuvuana nguo au kuchinjana. Baba watoto anakohoa, mimi nahangaika na rimoti, mdogo anauliza, "Mama, wanafanya nini?" Bibi anainuka taratibu, anaaga kwamba anakwenda kulala. Juzi ameniambia, kwa upole wake, kwamba kuanzia sasa atakuwa anakula chumbani. Neno hilo limenichoma.

Nikaona nigeukie vitabu. Tangu shuleni tumeambiwa Shaaban Robert ndiye mwandishi wetu mkubwa, basi nikanunua Adili na Nduguze nikampa binti yangu asome likizo. Alisoma kurasa mbili akakirudisha kabatini, akasema Kiswahili chake ni cha mtihani. Baadaye nikagundua kuwa kwenye simu yangu anasoma hadithi za mapenzi, zile zinazotolewa vipande vipande, ukitaka kuendelea unalipia. Sijamwambia kuwa najua. Wa darasa la nne hasomi kabisa, yeye ni mpira na katuni. Na baba yao anasema vitabu vya hadithi ni kupoteza muda, wasome vya shule wafaulu.

Naomba unitajie vitabu na sinema, hasa vya zamani ambavyo watu wameshavipima wakaona vinafaa, niviweke mbele ya watoto na bibi yao bila kukaa na rimoti mkononi. Pesa yetu si nyingi. Nisingependa kununua kitu kingine kikaishie kabatini.

Mama wa watatu, Morogoro

*

Marahaba, mama.

Nitaanza na bibi, kwa sababu ndiye aliyeumia na hakupiga kelele. Mtu wa Pangani wa umri wake hakukua na televisheni. Amekua na ngano, vitendawili, nyimbo za harusini na visa vya majini wa baharini. Kabla hujanunua chochote, mrudishie nafasi hiyo. Usimwombe wewe, maana atadhani unambembeleza. Mtume kitindamimba aende akamwambie, "Bibi, niambie paukwa." Mjukuu akiomba ngano anadai haki yake, na sijaona bibi wa pwani anayeweza kukataa kuitikia pakawa. Huyo wa darasa la nne asiyependa kusoma mpe daftari na kalamu, awe anaandika kila hadithi bibi anayotoa. Hatajua kama anafanya kazi ya shule.

Sasa Shaaban Robert. Kitabu ulichagua vizuri. Ila Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, si cha kumkabidhi mtoto wa miaka 13 akakae nacho peke yake kimya. Yule mzee alikuwa mshairi kwanza, na hata nathari yake inadai mdomo na sikio. Sentensi inayomchosha binti yako akiisoma kwa macho, akiisikia kwa sauti ya mtu anayejua mahali pa kupumua itamkaa. Msomeeni. Na bibi akiwepo ndiyo vizuri zaidi, kwa sababu yale maneno ambayo binti anayaona ni ya mtihani, kwa bibi ni maneno ya nyumbani. Atakuwa kamusi yenu bila ninyi kumwambia.

Nina ushauri mwingine ambao walimu wenzangu huenda wakanikemea: msianze ukurasa wa kwanza. Mwanzo wa kitabu unaeleza kwa kirefu tabia za mfalme Rai, na wasomaji wengi wachanga wanaachia hapo. Anzeni usiku ule ambao Ikibali, aliyetumwa na mfalme kufuatilia kodi, amelala kwa Adili. Anachungulia, anamwona mwenyeji wake, mtu mpole anayesifiwa na kila mtu, anawapiga manyani wawili kwa mjeledi, kisha anawaonea huruma. Fungeni kitabu hapo. Kesho yake watoto watakutafuteni wenyewe. Ndipo mrudi nyuma, muwaeleze nani ni nani, na waje wagundue kwamba wale manyani ni Hasidi na Mwivu, ndugu wa tumbo moja na Adili. Mwisho sitauandika hapa, kwa sababu mnastahili kuufikia wote pamoja.

Utaona kuwa kitabu hicho kina uovu ndani yake, tena mkubwa: ndugu wanamtupa ndugu yao baharini. Wazazi wengi wakiniomba vitabu vinavyofaa watoto huwa wanamaanisha vitabu ambamo hakuna baya linalotokea. Mimi sivitafuti vya namna hiyo, na sidhani hata wewe utavipenda. Mtoto anajua wivu kabla hajajua kusoma. Kitindamimba wako ameshawahi kumwonea dada yake wivu wa kipande cha nyama. Kinachonikera katika hizo tamthilia za saa mbili usiku si kwamba zina watu wabaya. Ni kwamba ubaya umepambwa upendeze, na anayeumizwa anasahaulika tangazo la sabuni likiingia. Katika Adili na Nduguze anayeumizwa hasahauliki hata ukurasa mmoja. Kipimo changu ni hicho, nacho nakitumia kwa vitabu na kwa sinema.

Kwa kijana wa mpira, tafuta Hekaya za Abunuwasi. Kila kisa ni ukurasa mmoja au michache, na mtoto asiyeweza kutulia anahitaji kitu anachoweza kukimaliza. Mwanzie kile cha sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha ikiwa na kisufuria kidogo ndani, anasema imezaa. Jirani anafurahi, anapokea vyote. Siku nyingine Abunuwasi anaazima tena na hairudishi; jirani akidai, anaambiwa sufuria imekufa. Kama mwenyewe alikubali kwamba sufuria inazaa, atakataaje kwamba inakufa? Watoto wa umri wake wanacheka mpaka wanakaa chini, halafu wanaanza kubishana kama Abunuwasi ni mwerevu au ni mwizi. Waache wabishane. Baadhi ya visa vyake ni ulaghai mtupu, na mtoto aliyezoea kuhukumu ataona mwenyewe.

Akishazoea kumaliza, mpe Marimba ya Majaliwa cha Edwin Semzaba, kilichotoka 2008, kinachomzungusha msomaji mikoa ya Tanzania akimfuata kijana anayetafuta marimba yake iliyoibwa. Hicho si cha zamani sana, lakini nakiamini. Na maktaba yenu ikiwa na nakala ya Kisiwa chenye Hazina, ile tafsiri ya riwaya ya Robert Louis Stevenson iliyosomwa na babu zetu shuleni tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, mchukulie bila kufikiri mara mbili: kuna ramani, maharamia, na kijana Jim anayewasikiliza akiwa amejificha ndani ya pipa la matofaa. Hapo ndugu yake mdogo naye atataka kusomewa.

Kitindamimba ana miaka sita, na kwake nataja kimoja tu. Kinaitwa Mwana Mdogo wa Mfalme, hadithi ya Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry iliyotoka 1943, na kwa Kiswahili imechapishwa na Mkuki na Nyota. Ina picha alizozichora mwandishi mwenyewe. Rubani ameanguka jangwani, anatokea mtoto na kumwomba amchoree kondoo. Mdogo atapenda kondoo na mbweha. Wewe na mumeo mtasikia mengine humo, hasa mbweha anapoeleza namna viumbe wawili wanavyozoeana, na nakuonya kwamba unaweza kushindwa kusoma kurasa za mwisho kwa sauti iliyotulia. Mwache bibi amalizie.

Tuje kwa binti. Usimpokonye simu kwa ghadhabu. Mwambie unajua, kwa sauti ya kawaida, mkiwa wawili jikoni. Siri ikibaki kati yenu itawatenga zaidi kuliko hizo hadithi zenyewe. Kisha kubalianeni kwamba usiku simu inalala chumbani kwako. Msichana wa miaka 13 anayesoma mapenzi hana kasoro. Anataka kujua utu uzima unafananaje, na amekwenda kuuliza mahali panapouza majibu kwa vipande. Mpe majibu mazito zaidi.

La kwanza liko kwa huyohuyo Shaaban Robert: Wasifu wa Siti binti Saad, wa mwaka 1958. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya kimaskini, akawa anatembeza vyungu mjini, akaja kuwa mwimbaji wa taarabu aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Watu walimbeza kwa asili yake na hata kwa sura yake. Hapo binti yako atasimama, kwa sababu hakuna kinachomsumbua msichana wa umri huo kuliko kuchekwa sura. Mkimaliza, tafuteni sauti ya Siti mtandaoni muisikilize pamoja, zile sahani za zamani zenye mikwaruzo, na mumwulize bibi anakumbuka nyimbo gani za taarabu za ujana wake. Sitashangaa akiimba.

La pili ni Siku Njema ya Ken Walibora, Mkenya aliyefariki mwaka 2020. Riwaya hiyo ya 1996 inaanzia Tanga kwenu kwa bibi: kijana Kongowea, mtoto wa mwimbaji wa taarabu, anafiwa na mama na kushika njia kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Imesomwa na kizazi kizima cha wanafunzi wa Kenya. Lugha yake ni ya leo, haitamwogopesha. Akipenda mafumbo, kuna Bwana Msa, yule mpelelezi mwenye kiko aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mwanzie Mzimu wa Watu wa Kale, cha 1960. Mtu ameuawa, kila mtu ana lake la kuficha, na Bwana Msa hana haraka. Hizi hazilipishwi kwa kipande.

Kuna vingine vikubwa ambavyo nakuomba umcheleweshee. Rosa Mistika ya Kezilahabi ni kitabu cha kweli na cha ujasiri, lakini kwa miaka 13 ni mapema, na akikisoma baadaye akisome mkiwa mnazungumza. Alfu Lela U Lela nayo, nakala kamili, ina mengi ya watu wazima. Chagua wewe mwenyewe safari za Sindbad na kadhalika, usimpe fungu zima.

Baba watoto mpelekee hoja moja tu, usibishane naye kuhusu alama za mtihani. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere, akiwa ndiyo kwanza anaijenga nchi, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Juliasi Kaizari. Mwaka 1969, akiwa bado Rais, akatoa nyingine, Mabepari wa Venisi. Kama mtu mwenye kazi ile hakuona kuwa fasihi ni kupoteza muda, fundi au karani wa Morogoro anaweza kuwasomea wanawe robo saa. Tena mpe asome yeye. Sauti ya baba ikisoma sehemu ya mfalme Rai ina uzito ambao wewe na mimi hatuna.

Sinema nimeziweka baadaye makusudi, kwa sababu hapo nataka kukupa mpango mmoja wa kukusaidia kote. Nchi yetu imezoea muvi za kutafsiriwa; vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, vimelea watafsiri ambao watu wanakuja kuwasikiliza wao kuliko muvi yenyewe. Mfanye binti yako awe mtafsiri wa sebule yenu. Chagua sinema nzuri yenye maandishi ya Kiingereza chini, yeye akae karibu na kioo awasomee bibi na wadogo zake kwa Kiswahili, na sauti za wahusika aigize. Atakuwa na cheo ndani ya nyumba, Kiingereza chake kitapanda, na baba yake hatakuwa na la kusema.

Anzeni na zile zisizohitaji tafsiri, ili wote wawe sawa. The Kid ya Charlie Chaplin ni ya 1921, ina zaidi ya miaka mia, haina sauti ya mazungumzo, na mtandaoni inapatikana bure. Maskini mmoja anaokota mtoto mchanga aliyetupwa, anamlea kwenye chumba chenye godoro lililochakaa. Watacheka sana. Ila pale maofisa wanapokuja kumchukua mtoto kwa nguvu kumpeleka kituo cha yatima, kitindamimba wako atalia, basi awe mapajani kwa mtu. Nyingine ni Le Ballon rouge ya Ufaransa, ya 1956, dakika 34 tu: mtoto wa shule Paris anafuatwa mitaani na puto jekundu kama vile lina akili. Maneno yaliyomo ni machache mno. Hiyo inafaa hata usiku wa kuamkia shule.

Kisha mpe mtafsiri wenu kazi yake ya kwanza: Children of Heaven, sinema ya Majid Majidi wa Iran, ya 1997. Ali amepoteza viatu vya dada yake alivyovipeleka kwa fundi, na wazazi hawana pesa ya kununua vingine. Watoto wawili wanaamua kuficha jambo hilo na kutumia jozi moja ya raba: dada asubuhi, kaka mchana, wanabadilishana kichochoroni wakikimbia. Sijui sinema nyingine inayoeleza umaskini wenye heshima kwa namna hii bila kumdhalilisha mtu. Hakuna mtu mbaya ndani yake, hakuna nguo inayovuliwa isipokuwa viatu na soksi. Na ina mbio, kwa hiyo mwanampira wako atasimama juu ya kochi. Ali anataka awe mshindi wa tatu, kwa sababu zawadi ya mshindi wa tatu ndiyo viatu. Muulize bibi baada ya hapo yeye alivaa viatu akiwa na miaka mingapi.

Yaaba, ya Idrissa Ouédraogo wa Burkina Faso, ilitoka 1989. Kijana aitwaye Bila anafanya urafiki na bibi kizee ambaye kijiji kimemtenga kwa kumwita mchawi. Katika nchi ambayo vikongwe wamewahi kuuawa kwa sababu ya macho mekundu, kila mtoto wetu angepaswa kuiona. Kuna mambo ya ndoa za wakubwa humo, kwa hiyo itazame kwanza wewe. Nadhani binti na kaka yake wanaiweza, mdogo bado. Na Supa Modo ya Kenya, ya 2018, ambayo sehemu kubwa utaielewa bila mtafsiri: binti mdogo mgonjwa anapenda muvi za mashujaa, na kijiji kizima kinaungana kumtimizia ndoto. Mtoto huyo hatapona. Kwa kuwa nyumba yenu imempoteza babu, fikirini lini mtakuwa tayari. Huenda ikawasaidia kusema yale ambayo hamjayasema, lakini msiitazame kwa kushtukizwa.

Kuhusu pesa, usinunue vyote. Morogoro kuna maktaba ya mkoa chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Nenda na watoto kwa miguu yao, muulizie sehemu ya watoto na uanachama, ujue nini kipo kabla hujafungua pochi. Vitabu vya mtumba barabarani navyo usivipite bila kuinama. Katika hivi nilivyotaja, cha kumiliki kwanza tayari unacho, na kinachofuata ningenunua Abunuwasi, kwa sababu ndicho kitakachosomwa na kila mtu mpaka jalada litoke.

Msifanye kila siku. Chagueni jioni moja ya kitabu na moja ya sinema kwa juma, siku nyingine mumeo aachiwe mpira na taarifa ya habari. Umeme ukikatika, hiyo ni ya bibi.

Wasalimie watoto, na bibi mpelekee shikamoo yangu.